Flashi mbili na mtu wa kuzipima: deni letu kwa wanaongoja tangazo redioni

Ninyi mlioacha nyumba zenu na sasa mnalala kwa ndugu, kanisani au shuleni, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Ni flashi. Sisemi ile ya muziki wa gari wala ile mnayopeleka kwa kijana wa kibanda cha Kadutu awatilie filamu. Nasema ile iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ya redio, inayoiamsha mashine kila alfajiri kabla hamjasikia salamu za kwanza.

Ukiingia katika chumba cha mitambo cha redio ndogo ya kwetu, iwe hapa Bukavu mjini au kule Walungu, Kabare na Kalehe, mara nyingi utakuta kompyuta moja ya zamani ikifanya kazi zote. Ndiyo inayopanga nyimbo na matangazo, ndiyo inayotunza sauti za mahojiano, ndiyo inayozigawia kompyuta nyingine mafaili. Hiyo ndiyo seva ya redio. Diski yake ya ndani ilikufa zamani, au imeachiwa sauti peke yake ili nafasi itoshe. Basi fundi akachomeka flashi, akaweka humo mfumo wa kuendesha mashine, na mashine ikawaka. Fundi huyo alifanya kazi nzuri. Shida ni kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeitazama tena ile flashi.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema wazi ili mwenye kupinga apinge: hakuna redio, zahanati wala kamati ya wahami wa vita inayopaswa kuwasha seva yake kwa flashi moja. Ziwe mbili, zikiwa pacha. Zipimwe kabla ya kuaminiwa. Na awepo mtu mmoja ambaye jina lake limebandikwa ukutani, ambaye kazi yake ni kuzitunza. Ni jambo la gharama ndogo. Flashi mbili nzuri za gigabaiti 32 bei yake haifiki ile ya bidoni la lita 20 la mafuta ya jenereta.

Nani anaumia flashi ikifa?

Mtu asiyejua atasema: flashi ikifa, nunua nyingine. Sawa, lakini kinachopotea ni muda. Kuweka mfumo upya, kurudisha programu ya kupanga vipindi, kuifundisha mashine tena kadi ya sauti na njia za mafaili, hiyo ni kazi ya siku nzima kwa fundi aliye karibu. Fundi akiwa amekwama upande wa pili wa barabara iliyofungwa, siku inageuka juma.

Na katika juma hilo kitu gani hakisikiki? Mtangazaji anaweza kufungua mikrofoni na kusoma karatasi, hiyo ni kweli. Lakini tangazo lililorekodiwa linarudiwa asubuhi, mchana na jioni bila mtu kuchoka. Linabeba sauti ya mama mwenyewe, na mtoto anaijua sauti ya mama yake hata kama hajui kutaja jina la kijiji chao. Linabeba mahali pa kukutania, siku ya kugawa chakula, siku ya chanjo, kisima kipi maji yake yametiwa dawa. Kwa familia iliyohama, tangazo la redio ndilo barua, ndilo simu, ndilo ofisi ya mtaa.

Mji huu unaijua thamani hiyo kuliko miji mingi. Agosti 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa katika vilima vyetu, Radio Agatashya ilianza kusikika kutoka hapa Bukavu, na baadaye ikaendeshwa na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Agatashya kwa Kinyarwanda ni mbayuwayu, ndege anayekwenda na kurudi. Vita vilipoingia mjini Oktoba 1996, sauti hiyo ilizimika. Radio Maendeleo, iliyozaliwa mwaka 1993, ilijua kufungiwa katika miaka ya RCD. Juni 2004, mji ulipotekwa na wapiganaji wa Nkunda na Mutebusi, vituo kadhaa vilinyamaza. Mei 2023 maji yalipobeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe na kuua watu zaidi ya 400, watu walitafutana kwa siku nyingi. Na Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23 majuma machache baada ya Goma, familia zilitawanyika, wengine Uvira, wengine ng'ambo ya mpaka Burundi, na benki zikafunga milango.

Mara kadhaa kati ya hizo redio zilinyamazishwa na watu wenye nguvu, na hatukuwa na uwezo wa kuwazuia. Basi ni aibu redio inyamaze kwa sababu ya kitu ambacho tungeweza kukizuia kwa saa moja ya kazi kila mwezi.

Kwa nini flashi inachoka

Teknolojia hii ilibuniwa katika miaka ya 1980 na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani. Ndani ya flashi kuna vyumba vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kikishika chaji ya umeme. Kusoma hakuvidhuru sana. Kuandika ndiko kunakovichosha, kwa sababu kabla ya kuandika upya ni lazima kwanza kufuta, na kila kufuta kunakwaruza ukuta wa chumba. Aina za bei kubwa zilizotengenezwa zamani zilivumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Aina za leo zinazojaza soko, ambazo kila chumba kinashika biti tatu, huvumilia mara 1,000 hivi, nyingine zaidi, nyingine pungufu. Flashi ya bei ya chini haisemi ni ya aina gani.

Sasa fikirieni mfumo wa seva. Hata kama mtangazaji hagusi kitu, mashine inaandika: nani ameingia, programu gani imeanza, faili gani limefunguliwa, saa ngapi. Maandishi madogo madogo, mchana na usiku. Flashi haikuumbwa kwa maisha hayo. Iliumbwa ipakiwe picha, ibebwe mfukoni, ifunguliwe nyumbani.

Halafu ongezeni umeme wetu. Tuna mto Ruzizi, tuna kituo cha Ruzizi I tangu mwisho wa miaka ya 1950 chenye megawati 29.8, na Ruzizi II ya mwaka 1989 yenye megawati 43.8 ambazo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umepanda mpaka juu ya vilima, mitambo ile ile. Umeme unaondoka na kurudi bila hodi. Ukiondoka wakati flashi imo katikati ya kuandika, faili linaweza kukatika nusu. Mbaya zaidi, ramani ya ndani inayoiambia flashi kitu kipi kiko chumba gani inaweza kuvurugika. Hapo flashi nzima inakuwa kama daftari lililochanwa kurasa za mwanzo: maneno yamo, njia ya kuyafikia haimo.

Pacha maana yake nini

Mafundi wanasema kuweka diski kwa kioo. Kila mfumo unachoandika kwenye flashi ya kwanza unakiandika wakati ule ule kwenye ya pili. Moja ikifa, mashine inaendelea na nyingine, na msikilizaji hajui kama kuna lililotokea. Wazo hili si geni. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walilipanga vizuri katika andiko lao la mwaka 1988 juu ya diski za bei ndogo zinazosaidiana. Mifumo ya bure tunayoweza kuipata leo, kama Linux na ile inayotumia ZFS, inaifanya kazi hiyo bila leseni ya kulipia.

Lakini pacha wana tabia yao. Ukinunua flashi mbili za jina moja, ukubwa mmoja, katika pakiti moja, ukazitia kazini siku moja na zikaandikwa maneno yale yale, zinazeeka pamoja. Zinaweza kufa juma moja. Kwa hiyo ninashauri ziwe za makampuni mawili tofauti, au angalau zinunuliwe kwa wauzaji tofauti. Ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza hata kwa megabaiti chache, maana mfumo utakataa kuzioanisha. Zote mbili ziandikwe kwa rangi ya kucha: moja A, nyingine B. Siku ya mshtuko, saa nne usiku, na tochi ya simu mdomoni, hakuna anayetaka kubahatisha ni ipi ya kuchomoa.

Na kuna jambo ambalo lazima nilipige msitari chini yake. Pacha si akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutwa kwenye zote mbili. Virusi ikiingia, inaingia zote mbili. Mwizi akibeba mashine, anabeba zote mbili. Pacha zinatulinda na kifo cha flashi moja, basi. Kwa mengine yote kunahitajika ya tatu, iliyotiwa nakala na kuchomolewa, inayolala nyumba nyingine. Kanuni ninayopenda ni fupi: mbili kwenye mashine, ya tatu kwa jirani mwaminifu.

Kupima kabla ya kuamini

Masoko yetu yamejaa flashi za uongo. Nje imeandikwa gigabaiti 128, ndani zimo nane. Mwenye kuitengeneza amebadilisha programu yake ya ndani ili iidanganye kompyuta. Inapokea mafaili, inaonyesha majina yake, hailalamiki. Ukivuka zile nane za kweli, inaanza kutupa au kuandika juu ya yale ya kwanza. Unagundua siku unapohitaji kuyafungua.

Dawa yake haina gharama. Kwa wenye Linux kuna programu inayoitwa F3. Kwa wenye Windows kuna H2testw. Zote zinafanya kazi moja: zinaijaza flashi mpaka pomoni, kisha zinasoma tena kila kitu na kulinganisha. Kilichorudi kama kilivyokwenda ni cha kweli, kisichorudi ni cha uongo au kimeoza. Zingatia kwamba jaribio hilo linaandika flashi nzima, kwa hiyo lifanyike ikiwa tupu, na muda wake uandaliwe. Flashi ya gigabaiti 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua karibu saa moja kuandikwa, kisha kuna kusomwa. Fanya hivyo umeme ukiwapo, au kwenye kompyuta yenye betri nzima. Ukimaliza ukakuta kosa hata moja, irudishe kwa muuzaji siku ile ile ukiwa na karatasi yako ya kununulia.

Jaribio la pili ndilo watu wengi wanaliruka, na ndilo la maana zaidi. Zima mashine vizuri. Chomoa A. Washa ukiwa na B peke yake. Inawaka mpaka mwisho? Redio inapanga vipindi? Zima tena, rudisha A, subiri zioanishwe upya mpaka mfumo useme zimekamilika, kisha chomoa B na urudie. Kwa nini? Kwa sababu kuna mifumo mingi inayoakisi maandishi yote isipokuwa kile kipande kidogo cha mwanzo, kinachoiambia mashine ianzie wapi kuamka. Kipande hicho hukaa kwenye A tu mpaka fundi akiweke kwenye B kwa mkono. Siku A inapokufa, B ina kila kitu ndani yake na haiwezi kuamka. Ni kama kuwa na ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba.

Pacha ambao hawajajaribiwa mmoja mmoja ni imani tu, na imani tunaipeleka kanisani na msikitini, siyo kwenye chumba cha mitambo.

Kutunza, mwezi kwa mwezi

Baada ya hapo kazi ni ndogo, ila ni ya kudumu. Kwanza, punguza maandishi. Sauti zote na vipindi vikae kwenye diski nyingine, flashi ibebe mfumo peke yake. Kumbukumbu za mashine ziandikwe kwenye memori na siyo kwenye flashi. Sehemu ile ambayo mfumo hujisaidia memori inapojaa, nayo isiwekwe kwenye flashi. Mfumo uelekezwe usiandike saa kila faili linapofunguliwa. Fundi anayejua kazi yake atayafanya haya kwa asubuhi moja.

Pili, mara moja kwa mwezi mfumo uamriwe kusoma flashi zote mbili toka mwanzo mpaka mwisho na kulinganisha. ZFS ina amri ya kufanya hivyo na inaweza kurekebisha kilichoharibika upande mmoja kwa kuchukua kilicho kizima upande wa pili. Linux ya kawaida nayo ina amri ya kukagua pacha wake. Hesabu ya makosa iandikwe kwenye daftari. Kosa moja ni onyo. Kosa likirudi mwezi unaofuata kwenye flashi ile ile, itolewe kazini bila huruma. Flashi nyingi haziwezi kutoa ripoti ya afya yake kama diski kubwa zinavyofanya, kwa hiyo hilo daftari ndilo daktari wake.

Tatu, usiku wa kufa usingojewe. Mimi ninasema ibadilishwe moja kila mwaka, kwa zamu: mwaka huu A, mwaka ujao B. Hivyo haziwi na umri mmoja kamwe.

Nne, joto na mateke. Flashi zilizochomekwa mbele ya mashine zinagongwa na magoti na mifagio. Zichomekwe nyuma, au kwa waya mfupi ambao unazitenga na joto la mashine.

Tano, ile ya tatu inayolala kwa jirani isisahaulike. Flashi isiyochomekwa muda mrefu inapoteza chaji yake polepole, na iliyochoka inapoteza upesi zaidi. Ichomekwe kila miezi mitatu, isomwe, nakala ifanywe upya.

Sita, tafuteni betri. Kwa mazingira yetu, seva bora ya redio ndogo mara nyingi ni kompyuta ya mkononi ya zamani ambayo betri yake bado inashika hata nusu saa. Ina betri yake ndani, inakula umeme kidogo, paneli za jua zinaiweza. Mashine kubwa ya kifahari inayoletwa na mradi, ikija na kiu ya jenereta saa 24, inageuka meza ya kuwekea vikombe vya chai mradi ukiisha.

Wanaopinga wana hoja

Nimesikia mafundi wakisema flashi haifai kabisa kuamshia seva. Wana haki. Mfumo wa FreeNAS uliojulikana sana duniani kwa kuhifadhi mafaili ulikuwa unashauri watu wauweke kwenye flashi, na toleo lake la 9.3 la mwisho wa mwaka 2014 liliruhusu flashi mbili pacha. Baadaye ushauri uligeuka: tumieni diski ndogo za SSD. Kampuni ya VMware nayo, baada ya toleo la 7 la mfumo wake lililotoka mwaka 2020, iliwaonya wateja waachane na flashi na kadi za memori, kwa sababu mfumo mpya ulikuwa unaandika mno na kuziua.

Kwa hiyo anayeweza kupata SSD ndogo, hata iliyotumika, aichukue. Itaishi zaidi, na nyingi zinatoa ripoti ya afya yake. Sibishani hapo. Ninabishana na yule anayesema: kwa kuwa flashi haifai, tusihangaike nayo mpaka mfadhili alete kitu cha maana. Flashi ipo kazini leo. Inaamsha mashine leo. Tangazo la kesho asubuhi linaitegemea hiyo hiyo. Aliye na nyumba ya mbao haachi kuzima moto wa mkaa kwa sababu anangoja kujenga ya matofali. Na hata SSD ikija, kanuni ni zile zile: mbili, zipimwe, mmoja ajibu.

Wengine wanasema tuweke kila kitu kwenye intaneti, huko mbali hakuna kukatika kwa umeme. Tulikuwa hapa mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima karibu siku 20. Kilichokuwa ndani ya chumba chetu kilibaki chetu.

Majina ya watu yasikae kwenye flashi ya kuamshia

Kuna jambo la hatari ambalo halizungumzwi vya kutosha. Redio na kamati zinaandika majina ya waliohama: baba nani, watoto wangapi, wametoka kijiji gani, wanalala kwa nani, simu yao. Orodha hiyo mikononi mwa mtu mbaya inaweza kumwonyesha njia ya mlango wa mtu. Flashi ni ndogo, inaingia mfukoni kwa sekunde moja.

Kwa hiyo flashi pacha za kuamshia zibebe mfumo peke yake, bila jina hata moja. Zikiibiwa, mwizi amepata programu za bure. Orodha ya watu ikae kwenye diski nyingine iliyofungwa kwa neno la siri, na neno hilo wajue watu wawili wasiozidi, wala lisibandikwe kwenye skrini. Flashi iliyostaafu isitupwe jalalani wala isiuzwe kwa mwenye kibanda. Kufuta tu hakutoshi, maana ndani yake hubaki mabaki. Ivunjwe kwa nyundo, na kile kidude cheusi cha ndani kivunjike kabisa.

Na wewe mama, na wewe baba

Mnaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Hapana. Wengi wenu mlikimbia mkiwa na simu, na ndani ya simu kuna picha ya kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, picha ya diploma ya serikali ya binti, karatasi za kiwanja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya chanjo. Simu hiyo ikiangukia maji au ikichukuliwa njiani, mmebaki na maneno ya mdomo.

Fanyeni kama ninavyoiambia redio. Flashi mbili ndogo, zilizojaribiwa kwa kujazwa na kusomwa. Moja ibaki na mama, nyingine kwa shangazi au kwa mtu wa imani katika mtaa mwingine. Kila miezi mitatu zichomekwe kwenye kompyuta mnayoiamini, picha zifunguliwe moja moja kwa macho. Kuona jina la faili hakutoshi, ifungueni muone uso na namba. Msikubali kijana wa kibanda azibaki nazo mpaka kesho.

Na redio yenu mnayoipenda, iulizeni. Mkienda kupeleka tangazo, baada ya kulipa au kusamehewa, ulizeni kwa upole: mashine yenu inaamka kwa flashi ngapi? Mara ya mwisho kuchomoa moja na kuwasha na nyingine ilikuwa lini? Jina la anayezitunza ni nani? Mkurugenzi akijibu bila kutafuta maneno, mko mahali pazuri. Akicheka, mwambieni kuna mtoto fulani ambaye sauti ya mama yake imo ndani ya ile mashine.

Wakurugenzi wapendwa, wenye miradi, wakubwa wa kamati: sitaki semina ya siku tatu hotelini. Nataka Jumamosi moja, fundi mmoja, flashi tatu, daftari moja la kurasa 48 na kalamu. Andikeni tarehe ya leo kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha zimeni mashine, chomoeni A, muone kama B inaamka.